Taa ya Ukutani na Mto Usiosoma Jedwali
Taa ya kisasa ya ukutani, ile inayofungwa nje ya nyumba na kurusha mwanga juu na chini bila kumjali aliye mbele yake, imebuniwa kwa dhana kwamba ukuta ndio unaohitaji kuonekana, na kwamba mgeni aliyejikwaa kwenye ngazi atafarijiwa na uzuri wa plasta. Ubora wake hupimwa kwa alama ya IP, yaani kipimo cha kimataifa cha uwezo wa kifaa cha umeme kuzuia vumbi na maji: katika IP65, tarakimu ya 6 humaanisha kwamba vumbi haliingii kabisa, na ya 5 kwamba maji yanayorushwa kwa mpira hayaidhuru. Kumbikumbi, ambao huko Chumbi, wilayani Rufiji, hufuata mwanga mvua zinapoanza, hawakutengewa tarakimu. Anayehofia mafuriko hushauriwa kupanda hadi IP67, inayostahimili kuzamishwa kwenye maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30. Mto Rufiji, uliofurika Aprili 2024 na kukaa mashambani kwa majuma, haukuwa umeonyeshwa jedwali la alama hizo.