Barua ya Wazi kwa Wakubwa wa Ruzuku Ndogondogo

Tunguu, Wilaya ya Kati,
Mkoa wa Kusini Unguja.

Kwa Waheshimiwa Wakubwa wa Mifuko, Programu na Miradi ya Ruzuku Ndogondogo,
Popote mlipo penye kiyoyozi.

YAH: MAOMBI YA MASUFURIA MAWILI, MAJAMVI SITA NA SARUJI YA BARAZA MOJA



Natumai barua hii itawakuta wazima, na mihuri yenu ina wino. Sisi huku hatujambo, isipokuwa jirani yangu mmoja, bi mkubwa, ambaye goti la kulia halimpi raha tangu Ramadhani. Naanza na goti lake kwa makusudi. Ndilo miundombinu pekee ya mradi ninaouombea fedha.

Nimesikia kuwa siku hizi dunia imegundua majirani hawaaminiani, na kwamba kuna fedha kidogo zimetengwa kwa ajili ya yule anayewaunganisha. Nikasema alhamdulillahi, huyo tunaye. Nikaenda kuchukua fomu. Ofisi sitaitaja, maana nayo ina majirani zake. Fomu ina kurasa kumi na nne, na ukurasa wa tatu uliniuliza watu wangapi wataaminiana kila robo mwaka, ke na me, na nitalithibitishaje hilo.

Waheshimiwa, nimejaribu. Nimekaa na kalamu mpaka taa ikazimika.

Bi mkubwa ninayemsema ndiye mwenye kuweka vyombo vya mtaa. Vimo chumba cha uani, nyuma ya mlango wa bati usiofungika sawasawa: masufuria makubwa ya pilau, pawa za mpini mrefu, majamvi yaliyokunjwa, sahani zilizopangwa kwenye viroba. Kila sufuria lina tone la rangi nyekundu chini ya kitako, lisije likachanganyika na la watu. Ikitokea shughuli, harusi au msiba, mtu anabisha hodi, anasema anachotaka, anabeba anakwenda zake. Kwa harusi ana muda wa kujipanga. Kwa msiba hana. Mtu akifariki alfajiri, mara nyingi adhuhuri kashazikwa na watu wamekaa wanasubiri chakula. Fomu yenu inataka bei kutoka kwa wauzaji watatu tofauti kabla ya kununua chochote. Maiti haisubiri bei za wauzaji watatu.

Hesabu huandikwa na mjukuu wake kwenye daftari la skuli, kurasa za nyuma, baada ya masomo ya sayansi. Niliomba kuliona, nikakuta mstari huu: sufuria kubwa mbili, upawa mmoja, sahani sitini. Chini yake: zimerudi sahani sitini na moja.

Mkaguzi wenu hapo angeweka alama ya kuuliza na kusimamisha awamu ya pili ya fedha. Bi mkubwa alimpa mtoto ile sahani ya ziada akamtuma azunguke nyumba kwa nyumba, kwanza walikopikia, kisha kwa majirani wa walikopikia. Nyumba ya tisa akapatikana mwenyewe, ambaye hata hakujua kuwa imepotea. Akamrudisha mtoto na mapapai mawili. Sasa nielekezeni: mapapai yale niyaandike safu ya mapato, au ya athari za mradi?

Nikaendelea na fomu. Ikataka katiba, akaunti ya benki yenye watia saini watatu, namba ya mlipakodi, barua ya sheha, picha nne za pasipoti na majina ya wadhamini wawili wasio ndugu. Barua ya sheha sina shida nayo. Masheha wa huku ni wa tangu enzi za Mwinyi Mkuu, mtawala wetu wa kale, kasri lake lile pale Dunga, na toka hapo kazi yao ni kujua nani ni nani. Ila ilipofika kwa wadhamini wasio ndugu nilimwona bi mkubwa anacheka mpaka goti likamuuma. "Mtaa huu, mwanangu, asiye ndugu yangu nimtoe wapi?"

Na hapo ndipo nilipokwama, waheshimiwa, na ndilo lililonifanya niandike barua hii badala ya kujaza fomu. Mmeanzisha fedha za kuwafanya watu waaminiane, na ninyi wenyewe hamumwamini mtu. Bi mkubwa anamkabidhi kijana wa juzi sufuria la thamani kuliko baiskeli yake, kwa kauli ya mdomo. Ninyi hamwezi kumkabidhi bi mkubwa bei ya sufuria hilo mpaka awe amesajiliwa, amefundishwa, ametathminiwa na kupigwa picha ameshika hundi ya kadibodi.

Kufundishwa, kwa kweli, tulifundishwa. Niliwahi kualikwa warsha ya kujenga mahusiano mema baina ya majirani, hotelini, ufukweni, mbali kabisa na jirani yeyote. Tulisaini kuingia, tukasaini chai, tukasaini kutoka. Tulipewa fulana za rangi moja. Mkufunzi, kijana mwenye adabu zake sina la kumlaumu, akatupanga wawili wawili, akasema mmoja afumbe macho ajiangushe kinyumenyume na mwenziwe amdake, ndiyo alama ya kuaminiana. Mzee mmoja wa kwetu akasimama vile vile wima. "Mwanangu," alisema, "huyu bwana nimeshuka naye kaburini kumlaza baba yake. Leo anidake kitu gani?" Mkufunzi akaandika jambo kwenye karatasi kubwa ya ukutani. Nadhani aliandika kuwa kundi letu lina upinzani wa mabadiliko.

Gharama ya siku ile siijui. Najua tu kwamba chakula kilibaki, na hakuna aliyethubutu kukifunga apeleke nyumbani, maana hatukuwa tumesaini.

Nisiwadanganye lakini kuwa huku kwetu sote ni malaika. Mnaijua historia, na kama hamuijui imo kwenye maktaba zenu. Tangu uchaguzi wa 1995 siasa ziliingia hadi jikoni. Kulikuwa na watu, Unguja na zaidi Pemba, ambao hawakuzikana. Duka la huyu hanunui yule, harusi ya yule haendi huyu, kwa sababu ya rangi ya bendera ya chama. Muafaka wa kwanza wa vyama, wa 1999, ulisimamiwa na Jumuiya ya Madola, wakaja wageni wenye mikoba mizuri, na haukufika mbali. Januari 2001 damu ikamwagika, na watu wakavuka bahari kukimbilia Shimoni, Kenya. Ukaja muafaka mwingine mwaka huo huo, nao ukachechemea. Kisha Novemba 2009 Rais Karume na Maalim Seif, kiongozi wa upinzani, wakakaa wenyewe kwa wenyewe Ikulu, na tarehe 31 Julai 2010 Wazanzibari waliopiga kura ya maoni wakakubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa kwa asilimia 66.4.

Hilo lilikuwa la juu. La chini halikupigiwa kura. Chini ilibidi mtu wa kwanza atoke kwake jioni na sahani iliyofunikwa kawa, avuke njia, abishe hodi kwenye mlango ambao hakuubisha kwa miaka. Mtu huyo hakuwa na kitengo, wala nauli, wala fulana. Nimemuuliza bi mkubwa kama miaka ile vyombo navyo viligawanywa. Alisema walikuja watu wa upande mmoja wakitaka vyombo vyao vitengwe, akawaambia sawa, wageuze masufuria waoneshe tone lipi la rangi ni la chama gani.

Wenzetu wa Makunduchi wao hawangoji mfadhili. Kila Julai, kwenye sherehe ya Mwaka Kogwa, wanaume huingia uwanjani wakachapana kwa vigogo vya migomba mpaka kinyongo cha mwaka mzima kiishe, kibanda kikachomwa, wanawake wakaimba, watu wakarudi kula. Fomu yenu ukurasa wa tisa inadai mwombaji aeleze mfumo wake wa kupokea na kushughulikia malalamiko. Naambatanisha kigogo kimoja.

Mtasema dunia imeendelea, tusome kwa wenzetu. Nimesoma. Marekani, Taasisi ya Aspen ilianzisha mwaka 2018 mradi uitwao Weave, jina lenye maana ya kusuka, wa kuwatambua na kuwatunza watu wanaounganisha majirani. Wanawaita wasusi. Bi mkubwa alilipenda hilo, maana ukili anausuka mpaka leo, vidole vinakwenda huku macho yako njiani anaangalia nani kapita. Alitaka kujua kitu kimoja tu: hao wasusi wa Marekani wanalipwa kwa urefu wa ukili, au mpaka mkeka uishe kushonwa? Nikamwambia nitawauliza ninyi.

Kisha nikamhadithia wa Boston. Mwaka 2009 wakakusanyika watu kumi, kila mmoja anatoa dola 100 kwa mwezi, zikifika 1,000 wanampa mtu mmoja mwenye wazo zuri, bila kurudisha na bila masharti. Wakajiita Awesome Foundation, na mtindo ukaenea miji mingi duniani. Bi mkubwa akanikatiza. "Huo si mchezo huo?" Nikamwambia ndiyo, ni mchezo, ni upatu, ila anayepokea si mchezaji. Akafikiri kidogo, akasema basi na wao wana akili.

Msidhani kwa kusifu fedha zisizo na masharti tunadharau kufuli. Vikundi vya hisa, mtindo ambao shirika la CARE liliuanzisha Niger mwaka 1991 na baadaye ukashika mizizi hapa jirani, vijiji vya kandokando ya msitu wa Jozani, vina sanduku la kufuli tatu, na funguo kwa watu watatu. Tunapenda kufuli. Lakini sanduku lile hufunguliwa mbele ya wote, fedha zinahesabiwa kwa sauti, na hata asiyejua kusoma anasikia. Ukaguzi wenu hufanyika kwenye chumba tusichokijua, kwa lugha tusiyoijua, halafu tunaletewa barua kuwa tumefeli.

Kwa nini basi naomba, kama tunajiweza? Kwa sababu Tunguu si ile. Chuo Kikuu cha Zanzibar kiko hapa tangu miaka ya mwisho ya tisini, SUZA nayo iko hapa, ofisi za Mkoa ziko hapa, na Mahkama Kuu nayo imejengwa hapahapa, kwa hiyo hatuna tena umbali wa kushtakiana. Mashamba yamekatwa viwanja. Wanafunzi wa Pemba na wa Bara wanapanga vyumba, wanakaa miaka mitatu wakaondoka bila kujua jina la mwenye duka. Nyumba mpya ni nzuri, mashallah, ila hazina baraza. Zina ukuta, geti na kengele. Bi mkubwa hajui kubonyeza kengele. Yeye anajua hodi, na hodi haipenyi geti la chuma. Mwaka huu kwenye nyumba mbili alisimama nje na taarifa ya msiba mpaka goti likamshinda, akarudi. Mwenye nyumba mmoja alikuja kujua siku ya tatu, akaona haya, akasema hakuna aliyemwambia.

Basi maombi yangu ni haya. Masufuria mawili, kwa sababu watu wameongezeka. Majamvi sita, kwa sababu hiyo hiyo. Na saruji ya kutosha baraza moja, nje ya ukuta, pale njia panda zinaposhushia abiria gari za Makunduchi, ili muuza kahawa awe na mahali pa kuweka birika lake na mwenye geti awe na mahali pa kukaa. Hapo bi mkubwa atawakuta wote kwa safari moja.

Wala msituzidishie. Programu ya Ruzuku Ndogo ya Mfuko wa Mazingira wa Dunia, iliyoanza 1992, ukomo wake wa kawaida kwa mradi mmoja kwa miaka mingi ulikuwa dola 50,000, na sina ugomvi nao, mikoko na matumbawe yana gharama zake. Lakini mkileta ndogo ya namna hiyo kwenye chumba cha mlango wa bati, kufumba na kufumbua tutakuwa na mwenyekiti, makamu, mweka hazina na kesi Mahkama Kuu. Leteni ndogo iliyo ndogo. Na nembo yenu msiibandike juu ya sufuria. Ikipata moto inanuka.

Na sisi tuna masharti, msituone wepesi. Mtakapokuja, njooni na barua ya sheha wenu inayosema mnaishi vizuri na majirani zenu. Mtaje majina mawili ya majirani hao. Mseme mara ya mwisho mlipokwenda kwao ilikuwa lini, na mlipeleka nini. Wasio na la kujaza tutawapa muda, hatutawafelisha.

Ijumaa kuna harusi. Vyombo vinatoka Alhamisi baada ya laasiri. Kama mnataka kuthibitisha lolote, siku hiyo ndiyo siku, na fomu mnaweza kuiacha ofisini. Sufuria kubwa hubebwa na watu wawili, na mpaka sasa nimejiandikisha mimi peke yangu.

Wenu katika ujenzi wa baraza,
Mkaazi wa Tunguu

Nakala: Sheha, muuza kahawa, wenye mageti wote.