Muulize Mjomba Makombo: Mbwa Wembamba, Maneno Manene

Mfuko wa barua wiki hii umejaa mbwa. Wote ni wadogo, wote wamekonda, na kila mmoja ana mtu anayelaumiwa kwa niaba yake. Mjomba si daktari wa mifugo, lakini amesoma na ameuliza, na haoni haya kukutuma kwa daktari pale busara yake inapokwama.

*Mjomba, shikamoo. Nina mbwa mdogo chotara wa miaka mitatu. Majirani hapa Sinza wananisuta kwamba mimi nakula, yeye ananitazama. Nilikuwa nampa ugali au ukoko wa wali kwa mchuzi, basi kwa hasira nikaanza kumnunulia chipsi mayai kila jioni ili wanyamaze. Sasa anatapika, mbavu ziko palepale, na majirani hawajanyamaza. – Aliyesutwa*

Marahaba, Aliyesutwa. Chipsi ziishe leo. Umemtoa mbwa kwenye ukoko ukamtumbukiza kwenye karai la mafuta, na mafuta mengi ya ghafla yanaweza kuwasha kongosho la mbwa hadi akalazwa. Akitapika tena, akigoma kula, au akishusha kifua chini huku makalio yakiwa juu, ujue tumbo linamuuma. Usisubiri toleo lijalo la safu hii, mpeleke.

Akishatulia, tuulize kwanza kama amekonda kweli, maana majirani hawana shahada ya mbavu. Kunja ngumi upitishe kidole juu ya vifundo vyake. Mbavu za mbwa zikipapasika hivyo, amekonda. Sasa nyoosha mkono upapase mgongo wa kiganja: mifupa unaihisi bila kuitafuta, na juu yake kuna ngozi na kanyama kidogo. Hapo ndipo tunapopataka. Madaktari wana kipimo cha 1 hadi 9 kwa kazi hiyohiyo, na mbwa mwenye afya huangukia 4 au 5. Kuna mbwa walioumbwa wembamba, wakakaa kwenye 4 maisha yao yote, na wenye mbwa wakasutwa maisha yao yote.

Tuseme ni kweli amekonda. Mbwa mwembamba si lazima awe na njaa. Huenda anakula vizuri tu, ila kuna wengine ndani wanaokula naye. Angalia mkunduni na kwenye matandiko yake: ukiona punje nyeupe, baadhi zikijongea, hiyo ni tegu, na aliyemletea ni kiroboto ambaye mbwa alimmeza wakati akijikuna kwa meno. Safura hawaonekani kirahisi, lakini wananyonya damu na fizi zinapauka. Kupe nao humwachia vijidudu vya damu, akapata homa, akapoteza hamu ya kula, pengine hata mkojo ukawa na rangi ya chai. Kwa hiyo safari ya kwanza si ya buchani. Beba kinyesi kibichi kwenye kikopo safi ukipime kliniki ya mifugo. Dawa ya minyoo hutolewa kwa uzito, na ile aliyobakiza jirani mwenye mbwa mkubwa haikuhusu. Mwambie daktari amfunue na mdomo, maana mbwa wadogo meno yao yamebanana na huoza mapema, na mwenye jino bovu huikimbilia sahani kisha akaiacha.

Akiwa mzima, ndipo tupige hesabu ya chakula, na hapa ndipo watu wengi huwaumiza wanaowapenda. Mbwa mzima anayestahili kuwa na kilo 4 anahitaji kama kalori 300 kwa siku. Yai moja lina kama 70, yaani karibu robo ya siku yake. Kijiko kikubwa cha mafuta ya kula kina 120. Sahani yako ya chipsi mayai inaweza kuzidi chakula chake cha siku mbili, nawe ulikuwa unampa kila jioni juu ya ukoko! Ugali na ukoko navyo vinajaza tumbo bila kujenga nyama. Mpe protini: dagaa waliooshwa mchanga na chumvi, yai la kuchemsha, kuku asiye na mfupa, utumbo uliochemshwa ukaiva. Nasisitiza uive. Utumbo na mapafu mabichi ya kondoo au mbuzi huweza kumpa tegu mdogo ambaye mbwa hamsumbui sana, ila mayai yake yakimfikia binadamu huota vifuko vya maji kwenye ini na mapafu. Waulize watu wa Turkana, ugonjwa huo wanaujua.

Kama mfuko unaruhusu, chakula cha pakiti cha watoto wa mbwa kina nguvu nyingi kwa ujazo mdogo, na chenyewe kimekamilika, jambo ambalo jiko lako na langu hayawezi kuahidi. Kibadilishe polepole kwa wiki nzima, robo mpya kwa robo tatu za zamani, kisha nusu kwa nusu, hadi kipya kitawale. Gawa cha siku mara tatu au nne, kwa kuwa tumbo lake ni dogo. Ongeza sehemu moja ya kumi, subiri wiki mbili, pima. Mizani ya bafuni haifai, maana kwake gramu 300 ni jambo kubwa na kwa mizani hiyo si kitu. Mwenye bucha ana mizani nzuri, ila mwombe asubuhi kabla wateja hawajafika, wasije wakadhani wameijua siri ya bei yake.

Na unga uliovunda, ule tunaosema "huu wa mbwa", utupe. Sumukuvu haiishi kwa kupikwa, na ini la mbwa linaihisi haraka. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, sembuse kiumbe wa kilo 3.

*Mjomba, mimi ni msaidizi wa nyumbani hapa Kileleshwa, Nairobi. Mama ana Japanese Spitz anayekula kila kitu, sahani anairamba, na bado anakonda. Mama sasa anapima mfuko wa chakula cha mbwa kila jioni na kunitazama tumbo. – Mshukiwa*

Mshukiwa, pole, na ushahidi wako uko uani. Kinyesi cha mbwa huyo kikoje? Kama ni kingi kupita kiasi, laini, cha rangi ya majivu au manjano na kinang'aa mafuta, chakula kinaingia na kutoka bila kusagwa. Kongosho lake huenda halitoi vimeng'enya vya kutosha. Kipo kipimo cha damu cha jambo hilo, na ikithibitika atachanganyiwa unga wa vimeng'enya kwenye kila mlo, pengine maisha yake yote. Kama anakunywa maji mengi na kukojoa sana huku akikonda, wamuulizie kisukari na figo. Na kama kuna mbwa mkubwa wa ulinzi getini, mshukiwa wa kwanza ni huyo, si wewe: walishwe vyumba tofauti, mlango umefungwa.

Wewe mama, najua gazeti unalisoma. Anayepima mfuko wa mbwa kila jioni ana muda wa kutosha kuuliza kama dada amekula.

*Mjomba, mtoto wangu wa mbwa wa wiki tisa, wa ile mbegu ndogo kabisa, asubuhi analegea na kutetemeka. Amekonda. Nimpe nini anenepe? – Moshi*

Hapa sitanii. Watoto wa mbwa wadogo kabisa huishiwa sukari ya damu wakilala bila kula. Kama anaweza kumeza, mpake asali au maji ya sukari kwenye fizi. Akiwa amezimia usimmiminie kitu mdomoni, mpake kidogo tu, mfunike apate joto, uende kwa daktari papo hapo. Akipona, ale mara nne kwa siku au zaidi, na mlo wa mwisho uwe kabla hujazima taa. Kunenepa kutakuja baadaye.

*Mjomba, mimi ni jirani wa mwenye mbwa hapa Tanga. Sifugi mbwa, dini yangu naijua, lakini kimbwa chao kimekonda kinaniliza. Namwachia biriani nyuma ya nyumba. Je, napata thawabu? – Mwenye huruma*

Hadithi ya aliyemnywesha mbwa mwenye kiu unaijua kuliko mimi. Tatizo ni biriani. Kitunguu na kitunguu saumu huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, na zile zabibu kavu mlizozinyunyizia juu zinaweza kuua figo zake. Mifupa ya kuku iliyopikwa nayo huvunjika ikachoma utumbo. Mpe maji, na wali mweupe uliotenga kabla ya kuunga, pamoja na samaki aliyetolewa miiba. Kisha mwambie mwenyewe, kwa adabu. Huenda naye anashangaa kwa nini mbwa hagusi chakula cha nyumbani.

*Mjomba, shemeji yangu anauza vidonge vya kunenepa, wateja wake wote wamejaa. Nimpe mbwa nusu? – Mfupi wa maneno, Mbagala*

Usimpe hata robo. Vidonge vya namna hiyo mara nyingi ni dawa ya mzio inayoleta njaa, au deksamethasoni, ambayo ni steroidi, au vyote viwili. Mbwa akipewa steroidi hovyo atakunywa maji na kukojoa usiku kucha, tumbo litaning'inia huku misuli ya miguu ikiyeyuka, na kinga yake itashuka. Utakuwa na mbwa mnene kwa mbele na mgonjwa kwa nyuma.

Na kama wewe mwenyewe umekuwa ukivimeza kwa muda mrefu, usiviache ghafla, kamwone daktari akupunguzie taratibu. Ndiyo, najua umeandika "wateja wake".