Jinsi ya Kufungua Mtumba wa Mpagazi wa Tatu bila Kuusumbua Msafara Mzima

Anayejifunza Python hapa Tabora ana bahati: orodha ndani ya orodha zilishapita kwao kwa miguu. Karne ya 19, kwenye njia nyembamba ya Bagamoyo kuja Unyanyembe na kuendelea hadi Ujiji, misafara ilikwenda mtu nyuma ya mtu. Kila mpagazi, na wengi wao walikuwa Wanyamwezi, alibeba mtumba wake, na ndani ya mtumba mna vitu. Basi tuuandike msafara mmoja:

msafara = [["bendera"], ["merikani", "kaniki"], ["shanga nyekundu", "shanga nyeupe", "waya wa shaba"]]

Unataka shanga nyeupe. Usiite jina lake barabarani. Python haisikii kelele, inasikia namba.

Anza na kirangozi, yule anayetangulia na bendera. Ukimpa namba 1 umemvunjia heshima. Muulize: mbele yako wako wangapi? Hakuna. Namba yake ni 0. Anayemfuata ana mtu mmoja mbele yake, ni 1. Mwenye shanga ana wawili, ni 2. Nawasihi wanafunzi wangu washike hili kuliko yote: namba ya nafasi huhesabu waliotangulia. Ukilielewa hivyo, sifuri haikusumbui tena maisha yako yote.

Sasa msimamishe: msafara[2]. Hapo hujapata shanga. Umepata mtumba mzima, kamba na vyote. Wengi huishia hapa na kulalamika kwamba kompyuta imewapa vitu vingi. Imewapa walichoomba. Fungua mtumba kwa mabano mengine ya mraba na uhesabu upya kuanzia sifuri, kwa kuwa mtumba haujui foleni ya nje: msafara[2][1]. Hizo ndizo shanga nyeupe. Soma kutoka kushoto: kwanza mtu, kisha kitu. Ukigeuza ukaandika msafara[1][2], umemwendea mwenye vitambaa ukamdai kitu cha tatu, naye anavyo viwili tu. Python itakujibu IndexError, na haki iko upande wa mpagazi. Ukibana namba zote kwenye jozi moja ya mabano, msafara[2, 1], utapata TypeError: huwezi kumsimamisha mtu na kumfungulia mzigo kwa pumzi moja.

Msafara ukiwa mrefu, usihangaike kuhesabu hadi mkiani. Andika msafara[-1][-1]: mtu wa mwisho, kitu chake cha mwisho, waya wa shaba. Hapa minusi huhesabu kutokea nyuma, na nyuma hakuna sifuri.

Mwisho, jaribu msafara[1][0][0]. Ulidhani utapata merikani. Skrini inaonyesha herufi m peke yake. Neno nalo lina nafasi zake, nawe umepitiliza mtumba ukaanza kuchomoa nyuzi za kitambaa. Ondoa jozi ya mwisho ya mabano, merikani itarudi nzima.