Kuba la Pili
Kwenye gati za The Wharf, jijini Washington, boti zimejipanga kwenye Washington Channel, mkono wa mto Potomac, na mapaa mengi yamevaa kuba jeupe, mengine mawili. Ndani ya kuba mna dishi la televisheni lenye mota na vihisi: boti ikiyumba kushoto, lenyewe linajirudi kulia lisiipoteze setilaiti iliyo kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta. Ufundi wa kukabili bahari kuu huo. Boti yenyewe kamba zimeikaza gatini, na dhoruba kubwa inayoipata ni teksi ya majini ikipita kwenda Georgetown.

Nahodha wa Nungwi, Zanzibar, huitazama anga aijue njia. Huku inatazamwa ili mtu ajue nani kafunga bao. Jioni nzuri mtoni mwenye boti hushusha pazia, maana jua linamharibia picha.

Na lile kuba la pili? Wakati mwingine ni tupu. Watengenezaji huliuza hivyo hivyo, bila dishi wala waya, ili paa lisionekane limelemea upande mmoja. Watu wanalipa, wanapandisha, wanafunga nati. Kwetu angalau tungefugia njiwa.