Spea Zake Zinapatikana

Wahenga walituonya kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi leo nasifu bila hofu, kwa sababu tembo ninalolisifu lilishatiwa maji kabla halijashuka mnazini. Nazungumzia riwaya za mapenzi za vijana, zile za Kimarekani, zenye jalada jeusi na msichana wa gauni refu anayetazama pembeni kama aliyekumbuka kwamba ameacha jiko linawaka.

Nimezisoma arobaini na mbili. Mpwa wangu yuko kidato cha tatu, anakaa kwetu kwa sababu shule iko karibu, na anazisoma riwaya hizi kama watu wanavyokula karanga. Mama yake, ambaye ni dada yangu mkubwa na kwa hiyo hajibiwi, alinipigia simu kutoka Morogoro akasema, "Wewe si ndiye msomi wetu? Hakikisha havina mambo." Hakufafanua mambo gani. Tangu siku hiyo kila kitabu kinachoingia nyumbani hupita kwanza mezani kwangu, baada ya taarifa ya habari, na mke wangu amezoea kunikuta saa sita za usiku nimekodolea macho ukurasa ambao mwana wa mfalme wa mapepo anamwambia binti wa miaka kumi na sita kuwa yeye ni hatari, akae naye mbali, huku kamshika mkono.

Kwa hiyo sifa ninazozitoa ni za mtu aliyeshuhudia.

Zina baraka ya wazazi, kwa maana kwamba hawapo. Wamekufa, wamesafiri au wako zamu ya usiku, na bado ada imelipwa na friji limejaa. Zinafundisha hesabu za upekee: wasichana arobaini na wawili, na kila mmoja si kama wasichana wengine. Zinajali afya. Hakuna binti hata mmoja ambaye hafiki mahali akashusha pumzi ambayo hakujua kama alikuwa ameibana. Nilianza kuhesabu pumzi hizo nikaacha kwenye kitabu cha kumi na moja, nikiwa na wasiwasi wa kweli juu ya mapafu ya vijana wa Marekani. Zaidi ya hapo zinatukumbusha kuwaheshimu wazee. Edward, yule mnyonya damu wa Twilight, alizaliwa mwaka 1901, Mjerumani akitawala hapa kwetu. Ameyatangulia Majimaji kwa miaka minne, na bado anakaa meza moja na binti Bella kwenye darasa la baiolojia bila malalamiko. Usiku huingia chumbani kwa binti kumtazama akilala. Mtaani kwetu mtu wa aina hiyo haitwi mpenzi, na majirani wakishaitana hatapata nafasi ya kueleza macho yake yana rangi gani.

Lakini hayo ni mapambo. Fadhila ambayo kwa ajili yake ningeziombea riwaya hizi nishani ni moja: spea zake zinapatikana, na zinaingiliana.

Mnunuzi wa gari mwenye akili timamu hapa Dar es Salaam haanzi kwa kuuliza linakimbia kiasi gani. Anauliza spea. Gari zuri ni lile ambalo kioo chake kikiibiwa usiku, asubuhi unakwenda Gerezani ukanunue kingine, pengine kile kile. Ndiyo maana Toyota zimejaa. Sasa nawaambieni kwamba kuna watu Marekani wamefanikiwa kuandika kitabu kwa kanuni hiyo hiyo, na nimejaribu kwa mkono wangu.

Ilikuwa kwa muuza vitabu vya mtumba, pale Posta, kwenye turubai lake kando ya barabara. "Mzee wangu," akaniambia, "hicho kimedondosha kurasa. Nipe buku tu, twende." Zilikosekana kurasa 97 hadi 128. Vitabu huchapwa kwenye karatasi kubwa zinazokunjwa kuwa mafungu, mara nyingi ya kurasa 16 au 32, na gundi ya mgongoni ikikaushwa na joto letu, fungu huweza kung'oka zima kama jino. Nikatoa buku. Nyumbani nilikuwa na kingine, cha mwandishi mwingine na mchapishaji mwingine, ambacho mchwa walishakula jalada na utangulizi. Nikazikata kurasa zake 97 hadi 128 kwa wembe, nikapaka gundi ya mbao, nikakandamiza chini ya kamusi hadi asubuhi.

Ndugu zangu, ilikaa kama imetoka kiwandani. Ukurasa wa 96 mvulana mwenye macho ya kijivu ameegemea ukuta. Ukurasa wa 97 mvulana mwenye macho ya kijani ameegemea kabati la shule. Ugomvi wa kwanza ulitokea pale pale ulipotakiwa. Mvua ilinyesha kwa wakati. Yule mvulana wa pili, mpole, aliyekua na binti tangu utotoni na ambaye kila msomaji anajua hatachaguliwa, alikuja na koti lake kama alivyopangiwa. Ukurasa wa 129 ukaupokea wa 128 bila kugonga. Jina tu liliyumba: Caleb alikuwa Ethan kwa kurasa 32, kisha akarudi kuwa Caleb, na binti hakushtuka, maana muda wote huo alikuwa anatazama taya.

Nikampa mpwa wangu bila kusema neno. Akasoma, akarudisha. "Kizuri, Mjomba," akasema, na mimi nikajiona fundi.

Haki ya mtu ni haki yake, na ufundi huu una wenyewe. Mwaka 1983 Francine Pascal alianzisha Sweet Valley High, mfululizo wa visa vya pacha wawili wa California. Yeye alibuni visa na kuweka kanuni, waandishi wa kukodiwa wakaandika, na jalada likabeba jina la Kate William, mtu ambaye hakuwahi kuwepo. Twilight ilipotoka mwaka 2005 na kuuza, pamoja na zilizoifuata, nakala zaidi ya milioni 100, gereji nzima ikahamia kwenye rangi nyeusi. Mwaka 2009 wachapishaji HarperCollins wakaivuta Wuthering Heights ya Emily Brontë, ya mwaka 1847, wakaipiga rangi hiyo hiyo, wakatangaza kwenye jalada kwamba ndicho kitabu wanachokipenda Bella na Edward. Marehemu Emily hakuwa na pa kukata rufaa.

Kubadili majina nako si uvumbuzi wangu. Fifty Shades of Grey (ya watu wazima, na dada yangu asisikie nimeitaja) ilianza kama hadithi ya shabiki wa Twilight. Edward akapewa jina la Christian, Bella akawa Anastasia, fedha zikaingia. Mwaka 2013 Anna Todd alianza kuandika After kwenye mtandao wa Wattpad, mhusika wake akiwa Harry Styles, yule mwimbaji wa One Direction. Mwaka uliofuata ilipotoka kama kitabu, Harry aligeuka Hardin. Herufi tatu za mwanzo zilinusurika, nadhani kwa kubana matumizi.

Ila aliyenikaa rohoni ni L. J. Smith. Aliandika The Vampire Diaries kuanzia mwaka 1991 kwa mkataba wa kibarua: yeye anaandika, kampuni inamiliki. Miaka ishirini baadaye hadithi imekuwa tamthilia ya televisheni, inaleta faida, naye akaondolewa. Wakamweka mwandishi mwingine aandike kivulini, na jina la mwanamama likaendelea kukaa kwenye jalada. Mwisho akaja kuandika mwendelezo wa wahusika wake mwenyewe kama shabiki, kupitia mpango wa Amazon wa hadithi za mashabiki. Kumbe katika mtambo huu hata mwandishi ni spea. Akichakaa anafunguliwa, anafungwa mwingine, gari linaendelea.

Nilikusudia kuandika hayo kwa tabasamu. Siwezi. Kati ya zile arobaini na mbili kulikuwa na moja, sikumbuki hata jina lake, ambamo msichana anajenga mashua kwenye banda la marehemu baba yake. Kwa kurasa hamsini mtu yule aliyeandika alikuwa anajua anachokifanya. Nilijifunza mbao zinavyolainishwa kwa mvuke zikakubali kupinda, na nyufa zinavyozibwa kwa lami, na nikaamini kwamba kila msumari ulikuwa kilio. Mke wangu alinikuta nimesahau chai. Ukurasa wa 61 mvulana akaingia, macho ya kijivu, ameegemea mlango wa banda. Kurasa mia mbili zilizobaki ni taya. Mashua haikutajwa tena, hata kwa kuuzwa kuni. Nilirudi nyuma kutafuta nikidhani nimeruka. Nilikasirika kama mtu aliyeuziwa simu boksi, akafika nyumbani akakuta ndani kuna kipande cha sabuni. Mwandishi wa mashua ile alikuwepo! Mtu fulani ofisini alimwambia aingize mvulana kabla ya ukurasa wa 65, naye ana kodi ya nyumba.

Naijua ofisi hiyo, kwa sababu nimewahi kuikalia kiti.

Si ya Marekani. Iko hapa hapa, na jina la mchapishaji tuliache. Niliitwa kupitia muswada wa Kiswahili wa kijana mmoja: mvulana na msichana wa sekondari wanarudi shule kwa miguu, wanagawana muwa, hawajui waseme nini. Basi. Ulikuwa muswada mfupi wenye aibu ya kweli ndani yake, ile aibu ya kumwona mtu unayempenda amekaa na watu wengine kituoni. Niliupenda. Halafu nikaandika ripoti ya kurasa nne: mapenzi yapunguzwe, mafunzo yaongezwe, msichana apate mimba ili wasomaji waonyeke, ziingizwe sura mbili za mwalimu wa ushauri. Niliandika hivyo kwa sababu nilijua swali la pekee litakaloulizwa mezani: je, kitapita kuwa kitabu cha ziada? Kitabu kisichoingia shuleni hapa kwetu hakina mnunuzi wa uhakika, na kisicho na mnunuzi wa uhakika hakichapwi. Yule kijana akatii kila kitu. Akampa msichana mimba, akamleta mwalimu wa ushauri, muwa ukatupwa. Kitabu hakikutoka.

Hivyo binti wa kidato cha tatu akitaka kusoma kwa Kiswahili habari ya moyo kwenda mbio, sisi wakubwa tunampa nini? Tunampa Ngoswe ya Edwin Semzaba, tamthilia nzuri tu, lakini jina lake kamili, kwa yule asiyelikumbuka, ni Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe. Karani wa sensa anapenda, karatasi za sensa zinachomwa moto. Au Rosa Mistika ya Kezilahabi, ya mwaka 1971, ambayo kwanza ilipigwa marufuku mashuleni na baadaye ikarudishwa iwe kitabu cha kusomwa. Mle ndani binti anapigwa na baba yake kwa sababu ya barua ya mvulana, na mwisho wake mnaujua. Ni kazi kubwa, siibezi. Ila mtoto akizisoma zote mbili kwa mfululizo atadhani mapenzi ni ugonjwa unaoripotiwa kwa mganga mkuu wa wilaya. Mwalimu akishamaliza kuuliza dhamira na ujumbe, binti anapita Posta akirudi nyumbani, anatoa buku, ananunua Caleb. Ningekuwa na umri wake ningenunua wawili.

Jumamosi iliyopita nilikikuta kile kitabu cha spea juu ya friji. Nikakifungua kuangalia gundi imeshikaje.

Ukurasa wa 97, jina la Ethan limekatwa kwa penseli. Juu yake halikuandikwa Caleb, kama nilivyotarajia kwa msomaji makini. Limeandikwa "Hamisi". Kabati la shule limekuwa mwembe wa kituoni. Gari la rangi ya fedha: "bodaboda ya kaka yake". Macho ya kijani yamekatwa, na pembeni pameandikwa, "ya kawaida". Kufika ukurasa wa 108 penseli imeacha kusahihisha Kiingereza, imehamia kwenye nafasi za pembeni na inakwenda yenyewe, kwa Kiswahili, mwandiko mdogo unaozunguka ukurasa kama siafu. Kuna msichana ambaye babu yake ameacha ngalawa Kigamboni. Anamwuliza Hamisi kama anajua kuogelea. Hamisi anasema anajua. Msomaji anaambiwa hajui. Nikakaa kwenye kiti cha jikoni. Kuna sentensi moja juu ya viatu vya Hamisi, vimebebwa mkononi ili visilowe, ambayo sitainakili hapa kwa sababu si yangu, na niliposoma hiyo nilishusha pumzi ambayo, naapa, sikujua kama nilikuwa nimeibana.

Ukurasa wa 128 wanasukuma. Maji yako magotini. Nikahamisha macho.

Ukurasa wa 129, Caleb ameegemea ukuta. Pembeni peupe. Nimekigeuza kitabu chote hadi jalada la nyuma, nimekikung'uta, nimetazama chini ya friji. Mpwa wangu yuko masomo ya ziada hadi saa kumi. Nimepika chai, imepoa, na bado sijapata namna ya kumwuliza kama ngalawa ilielea bila kukiri kwamba nimesoma.