Cabernet, Merlot na Buti la Gari

Hapa Minneapolis, mtu akikualika chakula akakwambia "njoo na chupa ya nyekundu", amekupa shughuli ya siku nzima. Kwanza chupa yenyewe huipati unaponunua mchele na kuku, kwani sheria ya jimbo la Minnesota hairuhusu supamaketi kuuza mvinyo. Sharti uende duka la pombe, ambalo pengine limepakana ukuta na supamaketi hiyohiyo ila lina mlango wake. Na hadi Julai 2017, Jumapili lilikuwa halifunguliwi kabisa. Sisi tuliokulia Dodoma, ambako zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka na dompo, mvinyo wa huko, hunywewa bila falsafa, tulipata tabu kuelewa.

Januari moja mwalikaji alikuwa bosi wa mke wangu, mkazi wa Saint Paul. Shemeji, kaka wa mke wangu, akajipa cheo cha mshauri. Rafu zilijaa majina chungu nzima, lakini ugomvi wetu ulikuwa wa mawili tu: yeye Cabernet Sauvignon, mimi Merlot.

"Merlot ni ya wasiojua," alisema, kwa sauti ya kusikika hadi upande wa bia.

Elimu hiyo aliitoa kwenye filamu ya Sideways ya mwaka 2004, ambamo mhusika mkuu, Miles, anaapa kutokunywa Merlot. Sikutaka kumwaibisha mbele ya muuzaji, lakini chupa ambayo Miles huyohuyo anaitunza kama mboni ya jicho, Cheval Blanc ya 1961, ina Merlot ndani yake.

Tena Cabernet na Merlot ni zabibu ndugu. Wapimaji wa vinasaba walibaini kwamba Cabernet Sauvignon ni mtoto wa Cabernet Franc na Sauvignon Blanc. Baadaye ikajulikana kuwa Merlot naye ametoka kwa Cabernet Franc huyohuyo. Baba mmoja, mama mbalimbali, na kama ilivyo kwenye nyumba nyingi za wake wawili, tabia haziendani. Cabernet ana ganda nene na tembe ndogo, ndiyo maana huacha ukakasi hadi kwenye fizi. Huyo anataka nyama iliyonona. Merlot ganda lake jembamba, huwahi kuiva, ni mpole, hukaa na kuku bila kugombana.

Muuzaji alitusikiliza kwa ule ustaarabu wa Minnesota usiokubali wala kukataa. Tukanunua zote mbili. Shemeji akazilaza kwenye buti zisije zikabingirika miguuni mwetu, kisha akaomba tupitie Brooklyn Park kwa binamu yake, dakika tano tu, achukue koti. Dakika tano zikaandaliwa chai. Chai ikaitiwa chapati. Chapati zikafuatwa na simu ya video ya shangazi wa Morogoro, na shangazi hasalimiwi kwa mkato.

Nje ilikuwa nyuzi 26 chini ya sifuri. Mvinyo huanza kuganda kwenye sita au saba hivi.

Tulipofungua buti kule Saint Paul, kizibo cha Cabernet kilikuwa kimepanda vidole viwili juu ya shingo ya chupa, kimekalia kibonge cha barafu ya zambarau. Merlot, yenye kifuniko cha kusokota, ilikuwa imevujia tairi la akiba na kugandia hapohapo. Shemeji alilikwangua lile doa kwa kadi ya benki, akanusa, akatikisa kichwa kama mtaalamu.

Bosi alicheka hadi akashika mlango. Akazisimamisha chupa kwenye sinki la maji vuguvugu, na tukiwa tunangoja akatumiminia Marquette, mvinyo wa zabibu zilizozalishwa na Chuo Kikuu cha Minnesota na kutolewa kwa wakulima mwaka 2006. Mmoja wa mababu zake ni Pinot Noir, na mzabibu wake huvumilia baridi inayoshuka chini hata kuliko ile iliyotukuta. Shemeji akaonja, akanyamaza. Hakukuwa na filamu ya kumsaidia.

Barafu ilipoyeyuka, kila chupa ilikuwa pungufu, kwa hiyo mwenyeji akazimimina zote kwenye jagi moja. Akasema tusione haya, Wafaransa wa Bordeaux huchanganya hizihizi mbili na kuziuza ghali.

"Cabernet inajionyesha wazi," alisema shemeji baada ya funda la kwanza.

"Huo ulaini ni wa Merlot," nikamjibu.

Mke wangu akatunyang'anya funguo za gari, akaomba aletewe maji.