Barua ya Wazi kwa Waziri wa Elimu: Meno ya Mhusika Yasomwe kwa Haki

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya elimu,



Kwa heshima na taadhima kubwa, naomba ruhusa yako nikuandikie hadharani. Najua mezani kwako kuna mambo mazito: madarasa yasiyotosha, madawati, mikopo ya wanafunzi, mitaala mipya. Kukuletea habari za meno ya watu waliobuniwa vitabuni huenda kukaonekana ni kukuchukulia muda wako bure, na kwa hilo naomba radhi tangu mwanzo. Nimethubutu kwa sababu naamini kwa dhati kwamba kijana anavyofundishwa kukisoma kinywa cha mhusika ndivyo atakavyokisoma kinywa cha jirani yake.

Mimi ni mwalimu wa fasihi mkoani Arusha. Ombi langu, Mheshimiwa, ni kwamba mwandishi anapompa mhusika meno yaliyopinda, yaliyopandana au yaliyobadilika rangi, mwanafunzi afundishwe kuuliza meno hayo yamewekwa pale kwa kazi gani, na apewe alama kwa hoja atakayoijenga. Asikaririshwe kwamba meno mabaya ni dalili ya roho mbaya.

Kwa ruhusa yako, nieleze jambo lilivyo darasani. Nilipokuwa nikifundisha hadithi fupi moja, nilimwomba msichana wa kidato cha tatu atusomee aya inayomtambulisha mkopeshaji wa mtaani. Mwandishi alimpa mkopeshaji huyo meno ya kahawia, yamepandana, jino la pembeni limelala juu ya la mbele. Msichana alisoma vizuri mpaka alipofika kwenye meno. Hapo mkono wake wa kushoto ukapanda ukafunika mdomo, na aya akaimalizia kwa sauti ya chini. Meno yake mwenyewe yalikuwa ya kahawia, na ya wenzake wengi mle darasani vilevile. Tulipofungua mwongozo uliokuwa ukitumika, ambao sitautaja, tukakuta umeeleza kwamba meno ya mhusika huyo yanaashiria uchafu wa moyo wake. Hakuna mwanafunzi aliyebisha. Wote waliandika hivyo madaftarini.

Mheshimiwa, wewe unajua kuliko mimi rangi ile inatoka wapi. Maji yetu yanashuka kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru na Kilimanjaro, nayo yanabeba floraidi. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha juu cha miligramu 1.5 kwa lita, lakini vyanzo vingi vya maji huku kwetu vimepita kiwango hicho mara kadhaa. Mtoto anapoyanywa maji hayo wakati meno yake ya ukubwani bado yanajengeka ndani ya fizi, meno huja na madoa meupe, mengine yakawa ya kahawia kabisa, na mswaki hauwezi kuyaondoa. Hata leo pale Ngurdoto kuna kituo cha utafiti kinachoshughulika na kupunguza floraidi katika maji, njia mojawapo ikiwa ni kuyachuja kwa mifupa iliyochomwa. Ndugu zetu wa Nakuru, upande wa Kenya wa Bonde la Ufa, wana meno ya namna hiyohiyo kwa sababu hiyohiyo. Meno hayo yanaeleza mtu alikunywa maji ya kisima gani akiwa mtoto, basi.

Hata kupinda kwa meno kuna historia zake. Wapo waliorithi taya dogo na meno makubwa. Wapo waliong'oka meno ya utoto mapema, yaliyofuata yakakosa mpangilio. Na wapo ambao wakiwa wachanga walishikwa na homa na kuharisha, wazazi wakaambiwa mtoto ana "meno ya plastiki", fizi zikachokonolewa na chonge changa zikang'olewa kabla hazijatoka. Meno ya ukubwani yakaja yamepinda, au hayakuja kabisa. Mwandishi makini anaweza kutoa riwaya nzima katika kinywa kama hicho: umaskini, hofu ya mama, umbali wa zahanati, mapenzi yaliyokosa maarifa. Mwanafunzi aliyekwisha kuambiwa kwamba jino lililopinda ni ubaya hawezi kuyaona hayo.

Sisemi, Mheshimiwa, kwamba meno vitabuni hayana maana. Yana maana sana, na mafunzo yake tunayapata mapema. Zimwi la ngano zetu lina meno marefu kwa sababu nzuri: ngano husimuliwa usiku kwa watoto, na mtoto anatakiwa aijue hatari mara tu inapoingia mlangoni. Ishara ya haraka inafaa hapo. Tatizo linaanza pale kijana wa miaka kumi na saba anapopewa riwaya ya watu wazima huku bado akiisoma kwa kanuni ya zimwi.

Naomba nitoe mfano kutoka kwa Shakespeare, ambaye Mwalimu Nyerere mwenyewe aliona anastahili kuletwa katika Kiswahili. Katika sehemu ya tatu ya tamthilia yake ya Mfalme Henry wa Sita, Henry akiwa kifungoni katika Mnara wa London anamwambia Richard, atakayekuja kuwa Mfalme Richard wa Tatu, kwamba alizaliwa na meno tayari kinywani, na kwamba hiyo ilikuwa ishara kuwa amekuja kuuma dunia. Richard anamuua palepale, kisha anaikubali tafsiri hiyo: kwa kuwa wanawake waliokuwapo siku ya kuzaliwa kwake walipiga kelele walipoyaona meno yale, basi naye atakuwa mbwa wa kubweka na kuuma. Msomaji wa haraka anafunga kitabu hapo, ameshapata jibu lake.

Lakini katika tamthilia ya Richard wa Tatu kuna mahali ambapo mtoto wa kaka yake Richard anamwambia bibi yake kwamba baba yake mdogo aliweza kutafuna ganda la mkate saa mbili tu baada ya kuzaliwa. Bibi anamuuliza nani amemwambia. Mtoto anajibu kwamba ni yaya aliyemlea Richard. Bibi anasema yaya huyo alikufa kabla mjukuu hajazaliwa. Mtoto anakiri kwamba, kama si yeye, basi hajui aliyemwambia. Na bibi huyo, Mheshimiwa, ndiye mama mzazi wa Richard. Mtu ambaye angeweza kuthibitisha habari za meno hayo amesimama pale jukwaani, na anachofanya ni kuuliza habari hizo zimetoka wapi.

Mwandishi ametuwekea somo zima katika mistari michache. Tunaoneshwa uvumi unavyopita kutoka mdomo hadi mdomo mpaka unakuwa ukweli. Richard wa tamthilia ni muuaji kweli, na mtoto yule ni miongoni mwa wanaokuja kuuawa. Ushahidi wa ubaya wake ni damu hiyo, na ungebaki ushahidi hata kama angezaliwa na fizi tupu. Tena Shakespeare aliandika chini ya utawala wa Malkia Elizabeth wa Kwanza, mjukuu wa yule aliyemshinda Richard vitani Bosworth mwaka 1485, kwa hiyo kumchora Richard kuwa kiumbe cha kutisha kulikuwa na faida yake. Mwaka 2012 mifupa ya Richard ilifukuliwa chini ya maegesho ya magari mjini Leicester. Uti wa mgongo ulikuwa umepinda kweli. Mkono ambao tamthilia inasema ulisinyaa haukuonekana kuwa na kasoro.

Nasi hatuko mbali na hadithi hiyo. Mtoto aliyeota meno ya juu kabla ya ya chini wazee wetu walimwita kigego. Alihesabiwa mkosi, na zamani katika baadhi ya jamii zetu alitupwa au kuuawa. Kosa lake lilikuwa mpangilio wa meno mawili. Vikongwe wa kanda ya ziwa nao wameuawa kwa kuwa na macho mekundu, macho yaliyochomwa na moshi wa kuni na samadi kwa miaka yote waliyowapikia watoto wao. Kusoma mwili kama hukumu kumeua watu katika nchi hii.

Kwingine pia kumeua. Mwaka 1904 kijana wa Kongo aliyeitwa Ota Benga alipelekwa Marekani kuoneshwa katika maonyesho ya dunia ya St. Louis. Meno yake yalikuwa yamechongwa ncha, desturi ya urembo iliyojulikana katika jamii nyingi za Afrika. Watazamaji waliambiwa kuwa ni meno ya mla watu, nao wakalipa kuyaona. Mwaka 1906 akawekwa katika nyumba ya nyani kwenye bustani ya wanyama ya Bronx, New York. Baadaye, huko Lynchburg katika jimbo la Virginia, meno yake yalifunikwa ili afanane na wengine. Machi 1916 alijiua kwa risasi. Waliomtazama walikuwa watu waliosoma. Walichokosa ni swali la kuuliza.

Kwa upande mwingine, Mheshimiwa, huhitaji kuambiwa namna mwanya unavyosifiwa Pwani. Uwazi kati ya meno mawili ya mbele ya juu umewapa washairi na waimbaji wa taarabu kazi ya vizazi kadhaa. Katika kitabu cha Mwingereza Geoffrey Chaucer cha mwishoni mwa karne ya 14, uwazi huohuo anao mwanamke wa Bath, mjane aliyeolewa mara tano, na wasomaji wa zama zile waliuchukulia kuwa alama ya ujasiri na tamaa. Katika nchi nyingi leo daktari wa meno ataufunga kwa waya na kuuita kasoro. Na kijana wetu anayesoma hadithi za Harry Potter atamkuta Hermione, ambaye wazazi wake ni madaktari wa meno, akitumia nafasi ya kutibiwa uchawi uliomrefusha meno ili yapunguzwe zaidi ya yalivyokuwa mwanzo. Hapo jino linazungumzia usichana, aibu na hamu ya kupendwa. Jino ni lilelile, lakini maana hubadilika kwa kufuata jicho linalotazama, na kazi ya fasihi ni kulichunguza jicho hilo.

Naomba nikiri kwa furaha kwamba wizara yako tayari imeonesha njia. Kwa miaka mingi wanafunzi wetu wa sekondari wamesoma Takadini ya Ben Hanson, ambamo Sekai anakimbia kijiji chake ili kumwokoa mtoto aliyetakiwa auawe kwa sababu ya rangi ya ngozi yake. Vijana wetu wameuelewa ujumbe huo na wameupenda. Shaaban Robert naye, alipotaka tuwajue mapema waovu wa Adili na Nduguze, aliwaita Hasidi na Mwivu. Alama aliitia katika majina yao. Haielekei, Mheshimiwa, tufundishe haki ya ngozi katika kitabu kimoja, na katika kitabu kinachofuata tuhukumu kwa meno.

Kwa unyenyekevu wote, basi, naomba mambo matatu.

Kwanza, wanaoandaa na kuidhinisha vitabu vya fasihi, Taasisi ya Elimu Tanzania ikiwa mbele, waelekezwe kuondoa maelezo yanayoifanya kasoro ya mwili kuwa ushahidi wa tabia. Sifa ya mhusika ithibitishwe kwa anayoyatenda na anayoyasema.

Pili, miongozo ya usahihishaji impe alama mwanafunzi anayejibu tofauti, mradi hoja yake imesimama juu ya maneno ya kitabu. Anayesema meno ya mkopeshaji yanaonesha alikulia katika umaskini uleule anaoutumia kuwakamua wenzake hajakosea. Pengine amesoma kwa kina kuliko sisi.

Tatu, katika mafunzo kazini, walimu wa fasihi wazoezwe maswali ya kuuliza kila mwili wa mhusika unapoelezwa: nani anatazama, amesikia kwa nani, na mhusika mwenyewe anatenda nini? Maswali haya hayahitaji bajeti wala maabara.

 Vitabu huchapwa kwa maelfu, na sentensi moja iliyomo hufika shule za kata nchi nzima. Nakuomba, kwa heshima yote, uwaelekeze wataalamu wako walipitie jambo hili kabla ya toleo lijalo kwenda kiwandani.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa fasihi,
Arusha